Ramani Iliyonukia Tangawizi

Tangawizi ikianza kuchemka kwenye sufuria, mimi hukumbuka Roma. Najua unacheka, lakini nisikilize kwanza.

Nilikuwa darasa la nne, hapa hapa Kilburn, London, na nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Mwalimu akiita jina langu, naangalia viatu. Muhula ule tulisoma Warumi. Kila mtu alitakiwa achore ramani ya dola yao, halafu asimame mbele ya darasa azungumzie mtawala mmoja. Wenzangu waligombania Nero. Mimi nilimchukua Klaudio, kwa sababu mwalimu alisema alikuwa na kigugumizi, na siku ya kufanywa kaisari askari walimkuta amejificha nyuma ya pazia. Nikaona, huyu ni wangu.

Ramani tuliambiwa tuichovye kwenye chai kali, ikikauka ionekane ya kale. Nikamwambia Mama, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka wodini, sare ya unesi bado mwilini.

"Karatasi inywe chai? Haya," akasema, akabandika sufuria.

Sasa, kwetu chai ni maziwa, majani, sukari na tangawizi ya kupondwa. Akaimimina kwenye sinia, kisha akaitazama ramani yangu.

"Kwetu Kakamega ni wapi hapa?"

"Haipo, Mama. Imeishia hapa, chini ya Misri."

"Karatasi ndiyo imeishia hapo. Na hapa tulipo?"

Nikamwonyesha London, kule juu, pembeni kabisa, mbali na kila kitu. Mama alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe hapa ndipo palikuwa ushago, kijijini kabisa!"

Akailaza ramani kwenye chai taratibu, kama anayemwogesha mtoto.

Asubuhi ramani ilikuwa ya kahawia kweli, lakini ilinata. Bahari ilikuwa na utando wa maziwa, na uzi wa tangawizi ulikuwa umekaukia Ugiriki kama mlima. Za wenzangu zilikuwa kavu, safi. Nilisimama mbele, ramani imeganda vidoleni. Nilitamani lile pazia la Klaudio.

"Miss, inanukia keki!" akasema Hamza wa dawati la mbele.

Wakaja, mmoja, wawili, halafu karibu wote. Wakagusa, wakanusa. Hamza akatoa ulimi.

"Usiilambe Hispania!" nikapiga kelele.

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikaendelea: kigugumizi, pazia, jeshi alilolituma mpaka kisiwa hiki chenye mvua. Sikuangalia viatu hata mara moja.

Miaka yote nilidhani Mama alikosea tu. Juzi nikamkuta anajaza chupa yake ya kazini chai ya strungi, nyeusi tii, bila tone la maziwa.

"Kumbe unaijua hii?"

"Tangu wodi yangu ya kwanza."

"Na ramani yangu je?"

Akafunga chupa. "Strungi haina harufu, mamangu. Nani angekusogelea?"

Ningesema ameyatunga papo hapo, maana Mama ni mjanja. Lakini nakumbuka aliponichukua getini siku ile, hakuuliza mwalimu alisemaje. Aliuliza tu, "Walikuja karibu?" Nikaona ni swali la ajabu, nikaitikia kwa kichwa, tukaenda zetu kupanda basi, vidole vyangu bado vinanata.