Ushanga Uliochuja Shingoni mwa Dada

Ninyi mliokulia Mkonze wakati mmoja nami, gari la moshi lilipokuwa bado halijafika nyika hii, hamjasahau jinsi mabua ya mtama yalivyotuchana midomo na bado tukayatafuna. Hamjasahau ng'ombe wetu wa udongo walioanikwa juani mpaka wakapasuka migongo, wala paa la tembe tulilopanda kudokoa karanga zilizoanikwa, huku mama akipiga kelele kutoka chini, "Shukeni! Paa hilo nimewaambia si la mbuzi!" Shule hatukuiona. Herufi hizi nilijifundisha mwenyewe baadaye, kwa kuchungulia kitabu cha watoto wa misheni, na nikikosea moja naanza karatasi upya. Hii ni ya tano. Nimeogopa kuiandika kuliko zote nilizowahi kuandika.

Wasichana wa siku hizi wananunua ushanga kama wanavyonunua chumvi. Wananyoosha kidole, wanafungiwa, wanaondoka. Juzi mmoja aliniuliza, "Kwani nyekundu na nyekundu zina tofauti gani?" Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba mimi sina haki hiyo hata kidogo.

Enzi zetu, Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyewachagulia ushanga mabibi arusi wa Mkonze. Wachuuzi walileta shanga nyekundu za aina mbili, zimefanana kama ndama pacha. Zote zilikuwa nyeupe ndani ukichungulia tunduni. Lakini katika aina moja wekundu ulikuwa kioo chenyewe, na katika nyingine ulikuwa umepakwa tu juu. Jicho liliweza kudanganyika. Ulimi haukudanganyika. Shangazi aliweka punje ulimini, akafumba macho, kisha akaitema kiganjani na kuitazama. "Ushanga mzuri hauna ladha," alituambia. "Ukikupa ladha, umekuibia." Sisi watoto tulikaa miguuni pake tukilamba kokoto, kila mmoja akijifanya Shangazi.

Mwaka ambao dada yangu Nyemo alikuwa aolewe Buigiri, Shangazi aliteguka mguu siku chache kabla ya arusi. Akaniita. Nilikuwa msichana mdogo bado, lakini vidole vyangu vilisifiwa kwa kutunga, na mimi mwenyewe nilijisifu kuliko wote. "Nenda kwa Mzee Idi," akasema. "Unajua la kufanya."

Mzee Idi alikuwa mchuuzi kutoka Kondoa, mwenye punda mmoja na kikohozi. Alitandaza ngozi karibu na kisima, akaweka mafungu mawili ya nyekundu. Moja lilikuwa na punje zisizolingana, nyingine nene, nyingine zimekaa upande. Jingine, jamani, lilikuwa na punje sawasawa kama uwele uliopepetwa. Moyo wangu ulikwenda huko mara moja. Mpaka leo kitu kisicholingana kinaniwasha mwilini.

"Onja, mjukuu wangu," Mzee Idi akasema. "Mimi nauza tu, sikuzitengeneza. Usije kunilaumu kesho."

Nikachukua punje, nikaipeleka karibu na mdomo. Msafara wa watu wa pwani ulikuwa umepumzika hapo kisimani, na wanawake wao walikuwa wakitazama, kaniki zao safi, nywele zimesukwa vizuri.

"Mama yangu wee!" mmoja akapaza sauti. "Tazameni Mgogo anakula ushanga!"

"Mwacheni, njaa hiyo," mwingine akasema. "Binti, ngoja tukupe na mchuzi!"

Wakacheka mpaka vibuyu vikamwagika. Niliona uso ukiniwaka. Nikairudisha punje kwenye fungu, kavu kabisa, haijagusa ulimi, nikanyoosha kidole kwenye zile zilizolingana, nikafungiwa, nikaondoka. Ndiyo, kama wasichana wa siku hizi.

Nyumbani Shangazi aliuliza neno moja. "Umeonja?"

"Nimeonja," nikasema.

Hakuuliza tena. Nikatunga ukosi wa Nyemo, ushanga mpana wa shingoni, kwa muda wa siku tatu, nikifumua na kuanza upya kila nilipoona punje moja imeinama. Watu walikuja kuutazama. Mama alisema, "Huyu mtoto ana mkono wa Shangazi yake," nami nikavimba kichwa kwa neno hilo.

Siku ya arusi ngoma zililia, jua likawa kali, na Nyemo akapakwa samli kichwani na shingoni kama ilivyo desturi. Samli ikayeyuka. Kwanza niliona mstari mmoja mwembamba ukishuka kifuani pake, nikadhani ni jasho na vumbi. Kisha ikawa mistari mingi, myekundu, kama mbuzi aliyechinjwa vibaya. Ukosi wenyewe ukabaki na rangi ya maziwa yaliyolala.

Ngoma zikanyamaza. Dada yake mama mkwe akakisogelea kifua cha Nyemo, akagusa, akanusa kidole. "Mmetuletea bibi arusi anayevuja damu? Mnatutakia nini?"

Nyemo alinitazama. Watu wa Buigiri walianza kuokota fimbo zao, na nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingetosha: kosa la mtoto, yakaisha. Neno halikutoka.

Shangazi akasimama, akiegemea ukuta kwa ajili ya mguu wake. "Hiyo si damu, ni rangi," akasema. "Ushanga huo nilichagua mimi. Macho yangu yamezeeka. Nichekeni mimi, mwacheni binti."

Wakamcheka. Arusi ikaendelea. Nami nikala nyama ya arusi ile pamoja na wenzangu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kuchagua. Ukipita penye arusi ulimkuta amekaa nyuma, na wanawake waliokuwa wakimletea kigoda wakampita wakisema, "Macho ya yule yamekwisha." Miaka yote hiyo nilisikia, nikanyamaza.

Mavuno yaliyopita nilimkuta akibambua karanga, nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, ule ushanga wa Nyemo sikuuonja."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Rangi ilipoanza kushuka nikakumbuka kinywa chako. Aliyeonja kitu kile angekuwa mwekundu mpaka ufizi. Wewe ulisimama mbele yangu na ulimi safi kama wa ndama."

"Basi ulijua kabla hujasimama! Mbona ukasema ulichagua wewe?"

"Nilidanganya nini? Si nilikuchagua wewe uende?" Akanisukumia ungo. "Tena usililie karanga zangu, zitaota ukungu."

Siku hizi maduka yamejipanga karibu na stesheni, na shanga zinakuja kwenye makasha, zote sawasawa. Zikichuja, wasichana wanalaumu Ulaya, kisha wanakwenda kununua nyingine. Ulaya haina uso wa kuona haya. Sisi tulikuwa na mtu aliyesimama mbele za watu akasema ni mimi, na mimi nilimwacha asimame peke yake.

Basi wewe unayejua kusoma, wasomee mama zako wa Mkonze karatasi hii: aliyechagua vibaya ni mdogo wake Nyemo. Macho ya Shangazi hayajawahi kukosea ushanga.