Klipu Nyembamba na Mgonjwa wa Nyaramba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa nimesimama katika duka la vipuri pale Suneka na klipu mbili mkononi. Nasema klipu nikimaanisha ile pete ya chuma yenye skrubu, inayoubana mpira wa maji usichomoke kwenye rejeta. Jana nilipokuona ukizichagua za gari lako kwa kuangalia ipi inang'aa, nilihisi uso ukinichoma. Ndiyo maana nimekuita tukae hapa barazani kabla mvua haijaanza.

Nilikuwa kijana, sijamaliza mwaka tangu nimwoe mama yako, nami nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea ndizi. Mwenye duka alinionyesha klipu pana, ya chuma kisichoshika kutu, kingo zake zimekunjwa kwa nje zisiukate mpira. Nyingine ilikuwa nyembamba, imetobolewa matundu, na ukiipitishia kidole inakwaruza.

"Chukua hii pana," akaniambia. "Gari lako hupanda milima na mzigo."

Nikacheka. "Ndani ya boneti nani ataiona?"

Nikachukua ile nyembamba, na pesa zilizobaki nikanunulia vitambaa vya maua vya kufunika viti. Nilitaka wakwe zangu wakiliona gari waseme binti yao ameolewa na mtu.

Haukupita muda mrefu, ujumbe ukaja kutoka Nyaramba kwamba baba mkwe, yaani babu yako, kifua kimembana na hapumui vizuri. Katika familia nzima mwenye gari nilikuwa mimi peke yangu. Nilikwenda na mama yako, tukamkuta mzee amefungwa blanketi, midomo imekauka. Unajua sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe hangeweza kukaa bega kwa bega nami, kwa hiyo alipanda nyuma na mama yako. Mzee, kwa sababu ya ugonjwa, akakaa mbele, kando yangu, nasi tukaondoka kuelekea hospitali kule Kisii.

Tulikuwa njiani, kilima baada ya kilima, nilipouona mshale wa kipimo cha joto la injini ukipanda. Niliuona vizuri kabisa, mwanangu. Nilipaswa kusimama palepale. Lakini ningemwambiaje mzee wa kanisa, baba wa mke wangu, kwamba gari nililolipamba limechoka? Nikazidi kukanyaga mafuta.

Baadaye kidogo mzee akageuza kichwa. "Ombati, nasikia harufu. Kuna kitu kinaungua?"

"Hapana, Tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kikisii. "Ni breki za lile gari lililo mbele yetu."

Mzee akarudisha macho barabarani.

Kabla hatujafika Nyakoe, tukasikia mlio chini ya boneti, na mvuke ukafunika kioo chote. Nilisimamisha gari kwa kubahatisha, nikamtoa mzee nje huku akikohoa mpaka machozi yanamtoka. Nilipofungua boneti niliona mpira umekatika palepale klipu ilipokuwa imeuma, na maji yote yamemwagika. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri barabarani.

Gari lililotusaidia lilikuwa lori la majani ya chai. Wanaume wakamwinua baba mkwe wangu, mtu ambaye akiingia kanisani watu husimama kwa heshima, wakamlaza juu ya magunia. Mama mkwe alipokuwa akipanda, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, nami nikaona nywele zake nyeupe. Nikageuza uso. Mama yako akakiokota kile kitambaa, akanitazama.

"Ulijua?" akaniuliza.

Lori likaondoka nao, nikabaki peke yangu kando ya pikapu, watu wa sokoni wakipita na kunipa pole. Kila pole iliniingia kama mwiba.

Mungu ni mwema. Madaktari walimwahi, na baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani. Ila mimi sikukanyaga Nyaramba. Kila mama yako alipotaka twende, nilikuwa na shughuli. Mwisho mzee mwenyewe akaniita. Nilimkuta ameketi mlangoni akiota jua. Sikuthubutu kukaa mpaka aliponionyesha kiti.

"Gari kuharibika si aibu," akasema polepole. "Lakini nilikuuliza, nawe ukanitajia gari ambalo halikuwepo. Kifua ndicho kilichokuwa kigonjwa, Ombati. Macho yangu yalikuwa yanaona barabara."

Nikainamisha kichwa.

"Umeniheshimu mpaka ukakaribia kuniua. Heshima ya namna hiyo usiniletee tena hapa."

Kisha akaita niletewe chakula. Ugali wa wimbi, kuku na mboga, vyote vimepikwa na mama mkwe. Afadhali wangenifukuza. Nilikula nikiangalia sahani tu, na hadi leo nikikumbuka mlo ule nashindwa kumtazama mtu usoni.

Basi, mwanangu, zirudishe zile klipu. Chukua zilizo pana, zisizoshika kutu, zenye kingo laini, na zilizo saizi ya mpira wako. Zikaze vya kutosha, usizidishe ukaukata mpira. Ukishaendesha siku chache, gari likiwa limepoa, fungua boneti uzikague tena, kwa sababu mpira ukipata joto hulegea. Na siku mshale utakapopanda, simama. Hata ukiwa umembeba askofu, hata ukiwa na wakwe zako, simama useme, gari langu lina shida. Fedheha ya kusimama mapema huisha siku hiyohiyo.

Mungu akutangulie katika kila mlima na kila mteremko. Awalinde wote watakaokaa kando yako garini, na akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli wakati bado inaweza kumsaidia mtu. Nenda salama, mwanangu, urudi salama.