Zizi la Babu Kwenye Ramani

Kwetu Usukumani, mwenye kaya alizikwa ndani ya zizi lake. Babu alipokufa, baba alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Bibi akarudi naye kwao Migato, na alichokumbuka ni kwamba zizi lilikuwa katikati ya lambo na josho la ng'ombe, kule Zagayu.

Msimu wa tatu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, nilipata ramani ya mkoloni ofisi ya ardhi, Bariadi. Lambo limo, josho limo. Ng'ombe walichorewa hata pa kuogea. Babu yangu hakupewa nukta!

Tulipima hatua, mimi na baba, tukaishia kwenye banda la mnunuzi. Baba akavua kofia. Misimu yote mitatu alikuwa ameuzia pamba hapo, akiishindilia guniani kwa miguu, juu ya baba yake.