Sailensa ya Afande

Nilirudi Kampala miaka ya tisini nikiwa na vitu viwili ambavyo mafundi wengi wa uwanja wa gereji wa Kisenyi hawakuwa navyo: stashahada ya ufundi wa magari niliyoipata Nairobi, na mashine yangu mwenyewe ya kuchomelea, niliyoinunua kwa jasho langu bila msaada wa mjomba wala serikali. Wazazi walikimbilia Kenya nami nikiwa mtoto mdogo. Nilirudi mtu mzima mwenye taaluma. Stashahada niliitia fremu nikaitundika gereji, mahali ambapo mteja angeiona kabla ya kuniona mimi. Waulize waliokuwapo uwanja ule miaka ile, watakuambia magari yaliyowashinda wengine yalipelekwa kwa nani.

Ndivyo gari la afande lilivyonifikia. Alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mwepesi wa hasira. Gari lake lilikuwa dogo, la Kijapani, lenye turbo, na fundi mwingine alikwisha kuliongezea presha na mafuta ili afande ashindane nalo Jumapili kwenye barabara za vumbi nje ya mji. Sasa alitaka sailensa mpya ya bomba la moshi, lakini hasa alitaka kelele. Alisema anataka akiwa bado mbali, Nateete, watu wa Kisenyi wawe wamekwisha kusogea kando.

Nilimweleza kama nilivyofundishwa. Turbo huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, kwa hiyo moshi ukibanwa nyuma, nguvu inakufa. Sailensa ya kiwandani, iliyojaa kuta na vyumba ndani, inabana mno. Lakini kuipasua na kuitoa matumbo, kama walivyopenda vijana wa mjini, ni ujinga mwingine. Injini iliyozidishiwa mafuta hutema mengine kabla hayajaungua. Ukiondoa mguu ghafla kwenye pedali ya mafuta, yanawakia ndani ya bomba la moto, na bomba tupu hulia kama bunduki. Chaguo langu lilikuwa sailensa ya kupitisha moja kwa moja: bomba pana lenye matundu, limefungwa nyuzi za chuma, kisha ganda juu yake. Moshi unapita huru, mlio unamezwa na nyuzi. Nami ningepunguza mafuta kidogo. Nilimwambia mji huu bado unaujua vizuri mlio wa bunduki, asiukumbushe.

Akasema ninamtisha kwa karatasi ya ukutani. Nikamjibu kwamba karatasi ile sikuiokota. Akanizaba kofi mbele ya uwanja mzima, kofi la polisi, lile linalotua sikioni. Kisha akalisukuma gari hadi kwa jirani yangu, mchomeleaji kutoka Kenya, ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza maswali. Jirani akaifungua sailensa ya zamani kama kopo la samaki, akang'oa kila kitu, akaifunga tena ikiwa ganda tupu.

Afande alitoka uwanjani jioni hiyohiyo huku akinitazama. Alikanyaga mafuta hadi mbele ya maduka ya jumla, akakuta mkokoteni, akaondoa mguu. Gari likapiga. Ta, ta-ta. Hata mimi niliyejua kinachotokea nilijikuta nimechutama. Mashata ya chuma ya maduka yalishushwa kwa mpigo mmoja, akina mama wakalala juu ya maharage yao. Kisha mtu akapaza sauti, "Mubbi," yaani mwizi kwa Kiganda, na watu wakainuka.

Walimtoa kupitia dirishani. Hakuwa na sare siku hiyo. Alipoanza kupigwa akafanya kosa ambalo mtu wa kambini tu angelifanya: alijitetea kwa Kiswahili.

"Niacheni. Mimi askari."

Katika mji huu, kwa miaka mingi, watu waliogonga milango wakiwa na bunduki waliamuru kwa Kiswahili. Mlio wa bunduki, halafu lugha ile. Wakampiga zaidi. Muuza madebe wa pale langoni pa uwanja, mtu aliyenisalimu kila asubuhi, alikuwa na ubao wa kitanda, akauinua kwa mikono miwili. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Pigo la pili lilitua tayani. Mtu mwingine alikwisha kuleta tairi la kumchomea.

Shavu langu lilikuwa bado linawaka kwa kofi lake. Nilisimama pale nikilisikia linavyowaka, na sitasema nilisimama kwa sababu ya woga. Halafu nikaliona tairi, nikaenda.

Kiganda changu cha wakati ule kilikuwa cha kununulia ndizi tu, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kinamuua. Gari lilikuwa bado linaunguruma. Nikaingia, nikakanyaga hadi chini, nikaachia. Ta-ta-ta. Umati wote ukaanguka kifudifudi, na muuza madebe akatambaa chini ya lori kwa ustadi wa mtu aliyewahi kufunzwa. Nikakanyaga tena, nikaachia. Wakainua vichwa, wakaona mwali wa moto ukitoka kwenye bomba. Mara ya tatu mwanamke mmoja akacheka, kicheko kibaya, na watu wakajua ni gari tu.

Lakini mikono iliyokwisha kuinuliwa inatafuta pa kushuka. Waliligeukia gari. Walivunja vioo na taa nikiwa ndani, na jiwe lililokusudiwa kioo likachukua meno yangu mawili ya mbele. Haya ya sasa ni ya Nairobi, ya daktari mzuri.

Afande alirudi kwangu baada ya miezi, taya limeunga vibaya, mkono haunyooki. Hakuomba radhi. Alisema, "Chagua wewe, fundi." Nikaifunga ile niliyoisema tangu mwanzo, nikapunguza mafuta, tukatoka pamoja kuijaribu. Gari lilikuwa na nguvu kuliko kwanza, na sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, ikimezwa na kelele za soko. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Hapo langoni, katikati ya njia, muuza madebe alikuwa ameinama akifunga mzigo, ametupa mgongo. Afande alimtambua. Akabadili gia. Tulimkaribia kwa kasi, na yule mtu hakusikia kitu, kwa sababu mimi ndiye niliyeichagua sailensa ile na ilikuwa inafanya kazi yake barabara.

"Afande," nilisema. "Hakusikii."

"Najua."

Hakuondoa mguu. Niliuona ule mkono wake usionyooka ukiteleza juu ya usukani, ukabonyeza honi. Breki zikalia. Muuza madebe akaruka pembeni, akatutazama kupitia vumbi bila kumtambua yeyote kati yetu, akainua mkono kushukuru.