Mlima wa Kwale kwa Miguu Yangu

Nilipozaa mtoto wa tatu, tumbo lilirudi ndani, lakini nyonga na mapaja yalikataa kupungua. Nikitembea, mapaja yalisuguana mpaka ngozi ikachubuka. Mama mkwe wangu alinisifu, akasema huo ndio uzuri wa mwanamke. Mimi nilitaka tu kupanda mlima kutoka nyumbani kwangu Kombani hadi Kwale, nikamwone mama yangu, bila kukaa chini njiani.

Nikapunguza wali wa nazi, na kila baada ya sala ya alfajiri niliupanda mlima kidogo, nikarudi. Uso ulikonda kwanza, kisha mikono. Mapaja yalibaki vilevile. Mume wangu akaniuliza, "Unaumwa?"

"La," nikamjibu, "nina safari."

Mvua za vuli zikapita, na za masika pia. Siku moja kanga niliyokuwa nikiifunga kwa shida ilinizunguka, ikabaki ncha ya kuchomeka. Asubuhi ile niliupanda mlima wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeletwa na nani?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

Mama alinitazama kuanzia nyonga hadi nyayo, akacheka, akanitandikia mkeka. Nilikaa kwa maringo, wala sikuyaficha.