Kwenda Muheto Kumfuata Mwenye Uboho

Sitawaficha: sikwenda Muheto kwa upendo mtupu. Mimi ni muuza vipuri vya malori hapa Butembo, na vita vilipokaribia vilima vya Masisi niliwaza kama muuza vipuri. Miaka mingi nyuma niliugua saratani ya matezi, ile inayotambaa polepole. Madaktari wa India waliuua uboho wangu kwa dawa kali, kisha wakanitia wa dada yangu Masika. Nikapona. Lakini daktari hunikumbusha kwa simu kwamba ugonjwa huu una subira, na ukirudi watahitaji tena chembe za Masika yuleyule. Akiba haiozi, wanasema, lakini hupigwa risasi. Kipuri changu pekee duniani kilikuwa kinapalilia maharage huko Muheto, karibu na mapigano.

Kutoka Butembo hadi Goma nilijitia dawa ya macho njia nzima. Damu ya dada inagombana na mwili wangu tangu iingie: macho makavu, mdomo mkavu, ngozi ya kuwasha. Utotoni alinigombeza kwa nje, sasa ananigombeza kwa ndani.

Baada ya Sake, kwenye kizuizi, mwenye bunduki mmoja alipekua dawa zangu, akauliza naumwa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba damu yangu yote ni ya mwanamke. Akanirudishia mfuko kwa ncha za vidole.

Muheto nilifika jioni, pikipiki imejaa matope. Masika alinipa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akasema mume wake yuko Omate anachimba dhahabu. Nikamwomba tuondoke kesho yake. Nilihubiri sana juu ya usalama. Yeye alisikiliza akichambua maharage ya mbegu.

"Ugonjwa imerudia?" akauliza.

"Hapana, yaya," nikamjibu dada yangu mkubwa.

"Basi njo unaogopa itarudia."

Niliona haya. Masika akacheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akanieleza kwamba siku hizi mbegu haikai nyumba moja. Fungu moja liko Ntoto kwa wifi yake, jingine amelifukia nyuma ya jiko. Nyumba ikichomwa, watu bado watapanda.

"Unafikiri mimi njo akiba yako," akasema. "Kambale, wewe njo yangu. Kama naondoka, nani atavuna? Kama nakufa hapa, mimi bado iko Butembo, nauzisha vyuma."

Asubuhi niliondoka peke yangu, mfuko wa mbegu alizonipa mapajani. Nilipopita Sake nililia kilio kikavu, maana hata machozi Masika amenikatalia.

Niliporudi Butembo, daktari alipiga simu, akaniuliza kama nimempata dada. Nikasema nimempata, amekataa kuja. Akaniuliza sasa nitafanya nini.

Maharage yako juu ya kabati, mbali na panya. Nameza dawa zangu zote, hata zile chungu nilizokuwa natupa, na kabla ya kuvuka barabara naangalia mara mbili. Nimebeba mbegu ya mtu.