Shangazi wa Kushika Mkono

Mimi ni mashoto. Nalisema mapema, kwa sababu kwetu Tanga mtu hulificha jambo hili mpaka siku ya pilau la watu, na hapo huumbuka mbele ya sinia. Maalimu wangu wa madrasa alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili niandike kwa wa kulia. Nikaandika kwa wa kulia, hati mbaya ajabu, na mpaka leo nakula na kusalimia kwa huohuo kama binti aliyelelewa. Lakini nikishika brashi au koni ya hina, mkono wa kulia unabaki wa kubebea mkoba tu.

Ningekuwa nauza vitunguu, nani angejali? Shida ni kwamba bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyewapaka hina maharusi wa mtaa wetu wa Ngamiani miaka mingi kuliko umri wangu, na mimi tangu nipate akili sikutaka kazi nyingine. Nilipofika miaka kumi na mbili nikamwomba anifundishe. Akakataa. Hakukataa kwa ubaya. Alikataa kama unavyokataa kumpa mtoto wembe.

"Mwanangu, huwezi kumpaka bibi harusi kwa mkono wa chooni," alisema. "Watu watasemaje?"

Nililia mpaka nikapewa kashata, na kashata haikusaidia.

Basi nikawa msanii wa twiga. Nilisomea uchoraji Dar, nikarudi Tanga, nikapanga chumba cha mbele Ngamiani na kutundika kibao cha kujisifu. Mteja wangu mkubwa alikuwa mgeni mmoja mwenye hoteli Ushongo, aliyetaka picha za twiga wakitembea ufukweni. Ushongo hakuna twiga. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaona mara moja tu, kwenye dirisha la basi, wakiwa wamenipa mgongo. Kwa hiyo twiga wangu wa nyuma walikuwa safi kabisa, na wale wa mbele walifanana na mbuzi aliyeletewa habari ya msiba. Wageni walinunua wote. Kisha mwenye hoteli akasema twiga wamepitwa na wakati, sasa anataka kasa. Nikachora kasa. Baada ya kasa akataka pomboo wanaocheka, nami nikamwambia maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua.

Hivyo nikabaki na chumba, rangi, na kibao. Mjomba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanipa mpaka Ramadhani: nisipopata kazi ya kueleweka, nirudishe ufunguo wa chumba nikakae dukani kwake nyuma ya misumari na saruji. Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Niliogopa. Nilijijua: nikishakaa nyuma ya ile misumari, sitoki tena.

Nikaenda hata semina ya ujasiriamali. Mwezeshaji, kijana wa Dar mwenye viatu vya ncha kali, alitutaka tufumbe macho tuione biashara yetu miaka mitano ijayo. Mimi niliona misumari. Akatuambia kila mmoja atafute kitu alichonacho yeye ambacho wenzake hawana. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu, muuza mikate ya ajemi, akaninong'oneza, "Mimi nina goti bovu." Nikatazama mkono wangu wa kushoto, nikaona heri ya goti.

Mwezi wa Shaabani harusi huwa nyingi, kila mtu anawahi kabla ya mfungo. Msichana niliyesoma naye alikuwa anaolewa, wapaka hina wote wameshachukuliwa, na Bibi alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho kufifia. Akanipigia simu. Nikakubali, tena nikamhakikishia mama yake kwamba nitapaka kwa mkono wa kulia. Uongo mtupu. Yaani nilikuwa naweza, kwa namna ambayo bata anaweza kupanda ngazi.

Tulianza baada ya adhuhuri. Chumba kimejaa wanawake, udi unafuka, na shangazi wa bibi harusi, dada mkubwa wa baba yake, amekaa mlangoni kama askari wa forodha. Nikashika koni kwa mkono wa kulia. Ua la kwanza lilitoka vibaya. La pili lilionekana kama kuku amepita na miguu ya matope. Na hina si chaki, ikishashika imeshika.

Bibi harusi akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Shoga, wewe ulinichorea ramani zangu zote za jiografia kwa kushoto. Hebu tumia huo huo kabla sijaharibikiwa."

Nikahamisha koni.

"Astaghfirullah!" Shangazi alisimama. "Ni mashoto!"

Ikawa bunge. Mmoja akasema makatazo ni ya chakula tu. Mwingine akasema huo mkono bwana harusi ataubusu, kwa hiyo ni kama chakula. Mama wa bibi harusi akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu, nawaza mizani ya misumari, nina hasira na kila mwenye mikono miwili.

Shangazi akazitazama zile nyayo za kuku kwenye mkono wa bibi harusi. Halafu akavuta mkeka, akaketi ubavuni kwangu, akaweka kiganja chake cha kulia juu ya kifundo cha mkono wangu wa kushoto.

"Bismillahi. Sasa anayepaka ni mimi," alitangaza. "Wewe ni kalamu tu."

Nilipaka hivyo mpaka karibu na magharibi, na mkono wa mama yule juu ya wangu, mzito kama mfuko wa mchele. Alipokwenda kuswali alasiri kazi ilisimama, tukamngoja. Aliporudi akasinzia, na hakuna aliyethubutu kumwamsha, maana kiganja kilikuwa mahali pake. Zile nyayo za kuku nilizigeuza majani. Mikono ilitoka mizuri, mizuri kweli, na sioni haya kujisifu.

Kesho yake, kila aliyeuliza nani kapaka, shangazi alijibu, "Mimi." Nilitaka kumng'ata. Lakini chumba kile kilikuwa na wanawake thelathini na kila mmoja ana mdomo. Kabla wiki haijaisha nilikuwa na harusi nne, zote kwa sharti moja: nyumba italeta shangazi wake wa kushika. Chumbageni mashangazi wawili walinuniana kwa ajili ya mkono wangu. Familia moja ya wafanyabiashara wa Kihindi ilileta watatu, wakipokezana kwa zamu. Bibi harusi mmoja wa Kilutheri kutoka Muheza, ambaye kwao kushoto ni upande tu, alinipigia mara mbili kuuliza kama na yeye atapata wa kushika, au hiyo inalipiwa peke yake. Ramadhani ilipoingia, mjomba aliajiri mtu mwingine.

Bibi habari alizisikia, na mimi nilijua amezisikia, maana Ngamiani nzima ilizisikia. Baada ya Idi mtoto wa mama mdogo akaolewa. Nikafika na koni zangu, nikamkuta Bibi ameshaketi mkekani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Nitashika mimi."

Mkono wake ulikuwa mwepesi na unanukia karafuu. Macho yake hayaoni tena mstari mwembamba, lakini kifundo changu alikisikia. Nilipaka ua la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akanibana.

"Una haraka. Ua halijakaa, wewe umeshakimbilia jani. Rudi."

Nina miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nimengoja kugombezwa hivyo kwa miaka kumi na tisa, na machozi yakanitoka mbele ya watu, mkono mmoja una koni, mwingine umeshika vidole vya bibi harusi. Bibi akavuta ncha ya kanga yake akanifuta uso. Mkono wa kulia hakuuondoa juu ya wangu. Alinifuta kwa wa kushoto.